ALALE WAPI MJUMBE WETU?



Kila unapokaribia wakati wa mikutano ya Dar es Salaam, huzuka katika matawi yetu ya Unguja na Pemba suala moja ambalo watu hulinong'ona barazani na kulinyamazia mkutanoni. Suala lenyewe ni hili: mjumbe tuliyemchagua sisi wenyewe, tukamkatia tikiti ya boti kwa fedha za ada zetu, akishuka gatini Dar es Salaam alale wapi? Alale katika hoteli ya daraja la juu, yenye mazulia na viyoyozi na watumishi waliovaa glavu, au alale penginepo? Sisi twaona suala hili si dogo, na kunong'ona ndiko kunakolikuza na kuligeuza fitina. Bora lisemwe wazi, nasi leo twalisema.

Kwanza tuseme lililo haki. Raha si haramu. Mtu aliyepigwa na mawimbi ya mkondo, kichwa kikimzunguka, akitamani kitanda kisafi, maji yasiyokatika na mlango wenye ufunguo, hana kosa lolote. Na mwenye mali yake aliyoichuma kwa halali, akipenda kulala katika hoteli kubwa kuliko zote, hatuna neno naye. Vijana wetu wengi wanapata riziki zao katika hoteli hizo, wakiwa wapishi, madobi, mabaharia wa kutembeza wageni na waangalizi wa bustani. Basi asitoke mtu akasema kuwa chama hiki kinazichukia hoteli.

Tena tusisahau yaliyopita. Mlango wa hoteli katika nchi hizi ulikuwa ni mlango wa siasa. Chini ya utawala wa Waingereza mji wa Dar es Salaam uligawanywa mafungu matatu: Uzunguni upande wa Oyster Bay, Uhindini katikati ya mji hadi Upanga, na Uswahilini Kariakoo na Ilala; na kiwanja cha Mnazi Mmoja kikaachwa kati kama ukuta usio na mawe. Jina la Kariakoo lenyewe ni jina la majonzi, kwani latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza. Mjini ilikuwapo hoteli ambayo Wajerumani waliiita Kaiserhof, na Waingereza wakaja kuiita New Africa. Lakini kwa miaka mingi Mwafrika aliyeonekana humo alikuwa ni mchukuzi wa mizigo au wa sinia. Na hapa kwetu Shangani jumba tunalolijua leo kuwa hoteli ya Africa House lilikuwa ni klabu ya Waingereza, wenye nchi wakilitazama kwa nje. Ndiyo maana serikali ya uhuru ilipoifungua hoteli ya Kilimanjaro mwaka 1965, mbele ya bandari ya Dar es Salaam, wengi waliona fakhari, na walikuwa na haki ya kuiona. Mwenye kusema leo kwamba hoteli nzuri si ya watu kama sisi anaurudisha ukuta ule kwa mikono yake mwenyewe.

Lakini ruhusa ya kuingia mlangoni ni jambo moja, na fedha za kulipia chumba ni jambo jingine. Hapa ndipo penye mzizi wa suala letu. Msafiri wa mali yake huulizwa na nafsi yake tu. Mjumbe wa chama huulizwa na kila aliyetoa ada.

Watu wa maduka twajua kwamba bei iliyoandikwa mara nyingi siyo bei inayolipwa. Mgeni huambiwa bei ya usiku mmoja, akafurahi kuwa ataimudu. Kisha huja kodi ya ongezeko la thamani, ambayo huko Bara ni asilimia 18, ikiwa haikutiwa tangu mwanzo. Huja shati lililofuliwa, huja chai iliyoletwa juu, huja gari lililoitwa na bawabu. Chupa ya maji inayonunuliwa Kariakoo kwa sarafu, chumbani hulipiwa kwa noti. Asubuhi ya kuondoka hesabu huwa na mistari mingi kuliko khutba. Sasa chukueni kalamu, ndugu zangu, mgawe hesabu hiyo kwa ada ya mama anayelima mwani Paje, anayeinama majini maji yakitoka na kuinuka yakijaa. Au kwa ada ya mchumaji karafuu wa Wete aliye juu ya mkarafuu. Usiku mmoja wa mjumbe umekula ada za watu wangapi? Kila tawi lina daftari lake, na lifanye hesabu yake.

Yasimuliwa na wasimulizi wa sira kuwa Khalifa Umar bin Abdulaziz alikuwa akiandika mambo ya umma usiku kwa mwanga wa taa iliyonunuliwa kwa fedha za Baitulmali. Akaja mtu kumuuliza khabari za nafsi yake na watu wa nyumbani kwake. Khalifa akaizima taa ile, akawasha yake mwenyewe, ndipo akajibu. Tulisomeshwa kisa hiki chuoni tungali wadogo, tukakiona ni kisa cha taa. Kumbe ni kisa cha amana, na hoteli ni taa kubwa zaidi.

Anayetaka kuliona suala hili kwa macho yake na ende Upanga. Upande wa Ohio Street, Upanga inapokutana na mji, karibu na viwanja vya Gymkhana, ipo hoteli kubwa iliyoanza katika miaka ya 1990 kwa jina la Sheraton, na baada ya kubadili majina ikawa Serena. Upande wa magharibi wa Upanga hiyo hiyo ipo hospitali ya taifa ya Muhimbili. Kati yake zipo nyumba za ghorofa za kiasi, ambazo nyingi zilijengwa na jamaa za Kihindi katika miaka ya 1950, na baadhi yake zikachukuliwa na serikali kwa sheria ya mwaka 1971. Kutoka mlango mmoja hadi wa pili ni mwendo wa kama nusu saa kwa miguu. Katika nusu saa hiyo mtu hupita kutoka kitanda kilichotandikwa mashuka mawili meupe hadi mahali ambapo, mwezi Novemba 2015, Rais Magufuli aliingia ghafula akakuta wagonjwa wamelala sakafuni na mashine kubwa za kupigia picha za mwili hazifanyi kazi. Mwezi huo huo ilikuwa iandaliwe karamu ya kufunguliwa Bunge, na yeye akaagiza sehemu kubwa ya fedha zake, zaidi ya shilingi milioni 200, zikanunulie vitanda vya Muhimbili. Tunayo mengi ya kubishana na utawala ule, lakini haki husemwa hata kwa hasimu. Siku hiyo nchi nzima ilifahamu kuwa karamu ya usiku mmoja inaweza kugeuzwa vitanda.

Na Muhimbili si hospitali ya watu wa Bara peke yao. Wagonjwa wetu walioshindikana Mnazi Mmoja ya Unguja, na waliotoka Pemba kwa safari mbili za bahari, hupelekwa huko. Nyuma ya kila mgonjwa yupo ndugu anayetafuta pa kulaza ubavu, Kariakoo au Upanga, ili asubuhi awahi kupeleka uji. Hao ni wanachama wetu, au ni jamaa za wanachama wetu. Jee, mjumbe aliyeamka Ohio Street, akanywa chai ya mezani, akachukuliwa kwa gari hadi mkutanoni na kurudishwa kwa gari, atakutana nao saa ngapi? Naye akisimama kuzungumza khabari za afya ya wananchi, atazungumza kwa aliyoyaona, au kwa karatasi aliyoandikiwa?

Wapo wanaojibu kwamba mara nyingine hoteli hailipwi na chama. Hulipwa na tajiri mwenye mapenzi, au na wenye semina. Ndugu zangu, hapo ndipo pa kuogopa zaidi. Mla cha mwenziwe na chake huliwa. Kitanda cha bure kina bei yake, nayo haiandikwi katika karatasi ya hesabu. Huja kudaiwa siku ya kura, siku ya kugawiwa kiwanja, siku ambayo neno moja la mjumbe lilikuwa litoke, likameza mate. Bora mjumbe aliyelala pa kawaida akaamka hadaiwi.

Tutazame waliotangulia. Mwaka 1955 Julius Nyerere alipoacha ualimu wa Pugu ili akitumikie chama cha TANU, hakuwa na nyumba mjini. Ameeleza mwandishi Mohamed Said, katika kitabu chake cha maisha ya Abdulwahid Sykes, kuwa alipokewa na kukaa nyumbani kwa Abdulwahid, Kariakoo. Na safari yake ya Umoja wa Mataifa ya mwaka huo ilichangiwa na watu wa kawaida. Chama kilichokuja kuitoa nchi mikononi mwa Mwingereza kililala majumbani mwa wanachama wake, kikala walichokula, kikasikia waliyoyasema usiku taa zilipopunguzwa. Aliyelala kwa watu hujua bei ya unga bila ya kuuliza. Na watu wetu Kariakoo si haba: maduka ya Wapemba huko hayahesabiki, na kila moja lina habari kuliko gazeti.

Hata hivyo hatutaki kuvuka mpaka upande wa pili. Wenye kupinga wana hoja, na hoja husikilizwa. Mjumbe mwanamke, mzee, au mgonjwa wa sukari hawezi kutupwa gesti isiyo na komeo wala maji, kisha tukajisifu kuwa tumepunguza gharama. Mjumbe aliyekesha na kunguni hatajenga hoja asubuhi. Wala si adabu kuwageuza jamaa wa Upanga na Kariakoo kuwa hoteli yetu ya bure; wahenga wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nyumba zao ni vyumba viwili vitatu, watoto wao wanasoma skuli, na wao nao wanahesabu fedha za unga. Dini yetu imekataza israfu, na imekataza ubakhili vile vile. Njia iko kati.

Kwa hivyo twatoa rai hizi, matawi yazijadili kabla ya safari ijayo.

Kwanza, mjumbe alale mahali safi, salama, palipo karibu na mkutano, pa bei ambayo mwanachama wa kawaida akiisikia hatashituka. Mahali hapo pachaguliwe na kamati kabla ya safari, asijichagulie mwenyewe akishafika.

Pili, akipokewa na mwanachama, chama kimpe mwenye nyumba fedha za chakula, na ugeni usizidi siku mbili.

Tatu, khabari ya posho. Mwaka 2011 Zitto Kabwe, akiwa mbunge wa upinzani, alipoikataa posho ya vikao, nchi nzima ilijadili jambo hili, na sisi hatukulimaliza ndani ya nyumba yetu. Posho ikiwa kiasi kimoja bila ya hesabu, safari hugeuka mshahara, na watu wakagombea kusafiri. Zikilipwa risiti zote bila ya kikomo, kila mtu hupenda chumba cha ghali. Basi pawe na kikomo, na chini ya kikomo hicho pawe na risiti. Kinachobaki kirudi hazina.

Nne, hesabu ya kila safari ibandikwe ukutani tawini ndani ya siku saba, ikitaja jina la mahali na bei ya usiku. Mjumbe akialikwa na mtu mwingine, na hilo liandikwe, na jina la aliyelipa.

Tano, kila mjumbe aendaye Dar es Salaam apite Muhimbili, awatazame wagonjwa wetu, na arudi na majina yao na haja zao. Hilo halina gharama ila hatua.

Anayetaka kulala Ohio Street baada ya mkutano, kwa fedha zake, na alale, na Mungu ampe raha.

Na kwetu hapa Shangani lipo jumba kongwe la karne ya 19 ambalo tangu mwaka 2015 limekuwa sehemu ya hoteli ya Park Hyatt. Wazee walilipa jina ambalo ni wasia mzima: Mambo Msiige. Hawakusema msiyatazame mambo, wala msiyapende. Wametuonya tusiige tusiyoyaweza. Mjumbe wetu akisimama mbele ya mlango wowote mzuri, Unguja au Dar es Salaam, na akumbuke jina la jumba hilo, kisha akumbuke ni nani aliyemkatia tikiti.

Shime ndugu, daftari zifunguliwe.