Nyundo ya Bernstein

Wako wadhanio kwamba ilimu ya ubongo haina budi kuanzia hospitalini. Lakini Nikolai Bernstein, tabibu wa Moscow aliyezaliwa mwaka 1896, aliianzia kwenye kazi ya mikono, akiwapiga picha za mfululizo mafundi stadi waliokuwa wakigonga patasi kwa nyundo, katika Taasisi Kuu ya Kazi, ambayo wakuu wake walitamani mfanyakazi afanane na mashine. Alichokiona kilikuwa kinyume cha matarajio yao: nyundo ilifikia shabaha yake kwa usahihi wa ajabu, ilhali bega, kiwiko na kifundo cha mkono havikupita njia ile ile mara mbili. Basi akahukumu, na kwa rai yangu hakukosea, kwamba ubongo haurudii amri moja iliyohifadhiwa, bali hutatua mas'ala upya kila mara, ukiongozwa na habari ziletwazo na macho, ngozi na misuli yenyewe.

Rai hiyo haikupatana na madhehebu ya Pavlov, mwanafiziolojia wa Kirusi aliyefasiri matendo kuwa ni mwitikio wa vichocheo. Kitabu cha Bernstein cha mwaka 1947 kilipata Tuzo ya Stalin. Lakini kwa sababu ya mgongano huo, haikupita miaka mingi akaondolewa kazini, akabaki kuandika hadi alipofariki mwaka 1966.

Wale wanaotaka kila utafiti utaje faida yake kabla haujagharimiwa na wazingatie haya: waliomlipa Bernstein walitaka fundi mwepesi, wakapata, bila ya kuagiza, ilimu wanayoitegemea leo wawafundishao waliopooza kutembea, wala sina yakini kwamba wangalimlipa lau wangalijua mapema.