Mgeni Wangu na Sili wa Donna Nook

Mwezi uliopita dada mmoja anayesoma nje kaniandikia. Mchumba wake anakwenda kumtembelea kwa mara ya kwanza, siku kumi tu, na anataka nimpe orodha ya sehemu za kumpeleka. Orodha ninayo, si uongo. Ila kabla sijampa, ngoja nimsimulie ya kwangu.

Ilikuwa Novemba 2014. Nilikuwa Lincoln, mji wa mashariki ya Uingereza, nimebakiza miezi miwili kumaliza shahada ya pili ya mawasiliano. Mwenzangu nilikuwa nimemwacha Dar es Salaam tangu Januari. Miezi yote hiyo tulikuwa watu wa Skype, si unajua tena, nusu ya maongezi ni "Unanisikia? Wewe unanisikia?" Hatimaye akapata viza, akaja. Uwanja wa ndege alinikumbatia, akarudi nyuma kidogo, akaniangalia. "Mama, mbona unanukia kama mtu mwingine?" Nikacheka, nikasema ni sabuni za huku.

Basi bwana, kuanzia hapo nikampigisha kwata. Leo kanisa kuu la Lincoln na minara yake, kesho ngome, keshokutwa treni mpaka London. Picha kila kona. Jioni tumechoka, tunakula, tunalala. Nilijiona mwenyeji hodari kweli kweli.

Ukweli ni kwamba nilikuwa namkimbia. Kwenye droo ya meza yangu kulikuwa na barua: nimepata nafasi ya kusomea udaktari, miaka mitatu mingine, na ufadhili juu. Nilikuwa sijamwambia. Sikumwambia hata kwamba niliomba.

Jumapili mwanafunzi mwenzetu kutoka Ghana, mwenye kigari chake, akajitolea kutupeleka Donna Nook, pwani ya Lincolnshire, mwendo wa saa moja na ushee. Kuna sili. Kwa ambao hawajawahi kumwona, sili ni mnyama wa baharini, mnene kama gunia la mkaa, sura kama ya mbwa, mapezi badala ya miguu. Wa pale ni sili kijivu, na zaidi ya theluthi moja ya sili hao duniani wanaishi Uingereza. Waliwahi kuwindwa sana, mpaka mwaka 1914 ikatungwa sheria ya kuwalinda. Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Oktoba mpaka Desemba, wanapanda ufukweni Donna Nook kuzaa, na siku hizi watoto hupita elfu mbili kwa msimu.

Cha kuchekesha ni kwamba eneo lenyewe ni la jeshi, ndege za kivita huja kufanyia mazoezi ya shabaha. Sili wala hawashtuki. Wanachoogopa zaidi ni sisi watu, ndiyo maana kuna uzio kando ya vichuguu vya mchanga, na wazee wa kujitolea wenye makoti mazito wanaozunguka kukumbusha watu wasiingize mikono.

Baridi ilikuwa si mchezo! Mwenzangu kavaa koti langu juu ya koti lake. Lakini tulipofika usoni mwa uzio akasahau baridi. Hatua tano tu kutoka tuliposimama alikuwepo mama na mtoto mweupe pe, manyoya kama pamba. Mzee mmoja akatueleza taratibu, na mimi nikawa mkalimani. Mtoto huzaliwa na kilo kama 14. Maziwa ya mama yake zaidi ya nusu ni mafuta, kwa hiyo ndani ya wiki tatu anakuwa mara tatu ya alivyozaliwa. Mama siku zote hizo hali kitu, anakonda mtu ukimwona. Wanatambuana kwa harufu, ndiyo sababu hairuhusiwi kumgusa mtoto. Akinuka binadamu, mama anaweza kumkataa. Nilitafsiri hilo bila kumwangalia jamaa usoni.

"Halafu?" akauliza.

Halafu mama anakutana na dume, anarudi baharini, na mtoto anabaki pale mchangani peke yake. Wiki kadhaa hali chochote, anaishi kwa mafuta aliyonayo, mpaka njaa imsukume majini akajifunze kuvua.

"Haagi?"

Nikamuuliza yule mzee, sijui kwa nini. Akacheka, akatikisa kichwa.

Mwenzangu naye akacheka. Mimi nikashindwa. Nikamwambia yote pale pale, mafua yananitoka, watoto wa watu wanapiga kelele pembeni. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Unatakiwa kujibu lini?"

"Ijumaa."

"Na mimi naondoka Alhamisi."

Hakuongeza neno. Hakuhitaji. Alikuwa keshanijua: nilipanga yeye awe hewani, mimi nijibu.

Njiani tulisimama Mablethorpe tukala samaki na chipsi kimya kimya, yule Mghana masikini anazungumzia mpira peke yake. Usiku ndipo tuliongea. Na yeye akatoa la kwake: gari lake, kile ki-Starlet chekundu nilichokipenda, alikiuza ili apate nauli. Kwenye simu alikuwa ananiambia kiko gereji. Tuligombana, wacha weee! Miezi kumi ya "niko poa, mpenzi" ililipuka usiku mmoja. Saa tisa alfajiri akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza, hata mimi mwenyewe: "Hiyo mada ya utafiti, unaipenda?"

Nikajikuta nasema siipendi. Niliipenda ile barua. Kuchaguliwa kunalevya, nyie.

Dada yangu uliyeniandikia, Donna Nook nakuruhusu, kama uko Uingereza na ni msimu wake. Vaeni soksi mbili mbili na mtafute mwenye gari, maana usafiri wa umma wa kule ni taabu. Kwenye orodha yako acha siku mbili tupu, tena za mwanzo, msiende popote. Mimi nilibakiwa na Jumatatu, Jumanne na Jumatano tu. Tulikaa chumbani, tukapika ugali wa semolina, na hakuna picha hata moja ya siku zile.

Ijumaa nilijibu hapana. Jioni ile akapiga simu kutoka Dar, akaniuliza nimejibu nini. Nikamwambia. Akasema ana hasira bado kidogo, ila nisikate simu. Tukaongea mpaka bando lake likaisha.