Irabu Zisipotee Njiani



Hivi karibuni nilikaa katika madrasa moja huko Katoro, mkoani Geita, nikimsikiliza binti mdogo akisoma karatasi ya mtihani. Alipofika kwenye neno "malakun", yaani malaika, alilisoma "malikun", yaani mfalme. Ustadhi akamwambia, "Mwanangu, tazama vizuri." Binti akainua karatasi kwa adabu: juu ya lam hapakuwa na alama yoyote. Akalisoma kwa namna aliyoizoea.

Ustadhi alikuwa ameandika sawasawa. Fataha ilipotea katika duka la kuchapa. Lam ni herufi ndefu, na fataha yake hukaa juu kabisa ya mstari. Mchapaji alibana nafasi baina ya mistari ili kuokoa karatasi. Fataha ya mim, iliyo fupi, ikasalimika, ya lam ikakatwa. Hivyo malaika akawa mfalme.

Jambo hili si dogo. Wanahistoria wa lugha hueleza kwamba Abul-Aswad ad-Duali, aliyefariki Basra mwaka 69 Hijria, aliweka nukta za rangi katika Msahafu kwa kuchelea makosa ya namna hiyo: nukta ya juu kwa fataha, ya chini kwa kisiri, ya mbele kwa dhumma. Karne iliyofuata, Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwanachuoni mwenye asili ya Oman, akaleta maumbo tunayoyatumia hadi leo. Wayahudi wa Tiberia nao waliiwekea Kiebrania alama za namna hiyo, na wanaokichapa leo hukutana na taabu zilezile.

Katika kompyuta, irabu ni alama inayojitegemea. Huandikwa baada ya herufi yake, kisha fonti ndiyo huipandisha juu au kuishusha chini. Kwa hiyo mambo matatu huweza kuharibika. Ukiona viboksi vitupu, fonti haina alama hiyo. Ukiona kiduara cha vitone, irabu imekosa herufi ya kukalia. Aghlabu kuna nafasi iliyopachikwa kabla yake. Ukiona irabu zimekatwa, mistari imebanwa.

Tiba yake ni nyepesi. Chagua fonti iliyotengenezwa kwa maandishi yenye irabu, kama Amiri au Scheherazade New, ambazo hupatikana bure. Panga aya ianzie kulia. Panua nafasi ya mistari. Katika kibodi ya kawaida ya Kiarabu kwenye Windows, shikilia Shift kisha bonyeza Q upate fataha, A upate kisiri, E upate dhumma, X upate sukuni. Kazi ikikamilika, ihifadhi kama faili la PDF kabla ya kuipeleka dukani, kwani kompyuta ya pale isipokuwa na fonti yako itaweka nyingine bila kukuuliza.

Tahadhari moja: katika fonti nyingi, herufi yenye shada na kisiri huonesha kisiri juu ya herufi, chini kidogo ya shada. Hilo si kosa, na mtoto aelezwe mapema asije akaisoma fataha.

Ndugu zangu, kutoka Shinyanga mjini hadi Kahama na Geita, vijana wa maduka haya hutuchapia kadi za harusi, barua za kuomba kazi migodini na karatasi za dua za khitma. Wengi wao hawasomi Kiarabu. Kwao kialama kilichokatwa ni kama vumbi kwenye kioo. Tusiwalaumu. Amana hii ni yetu sisi tunaojua kusoma.

Basi kabla ya kuagiza nakala mia, toa moja tu. Mpe ustadhi, au bibi aliyehitimu chuoni zamani, aisome kwa sauti, irabu kwa irabu, huku nawe ukifuatilia katika muswada wa mkono. Hiyo ni kazi ya dakika chache. Yule binti wa Katoro alirudia neno lake mara kadhaa kabla ulimi haujanyooka, na wenzake walioipata karatasi ileile huenda bado wanamwita malaika mfalme.

Wabillahi tawfiq.