BWANA SHAMBA NA WEWE: Mwembe Huu Si Mgonjwa



Juzi mzee mmoja wa Segerea aliniita nyumbani kwake. Gome la mwembe wake lilikuwa na mabaka ya kahawia. Mzee alikuwa ameshika panga.

"Bwana Shamba, ugonjwa huu unaula mti wangu. Nimeanza kuubandua."

"Subiri kwanza, mzee wangu. Tutazame pamoja."

Yale mabaka hayakuwa ugonjwa. Ni kimea kidogo. Wataalamu hukiita Frullania. Utakitambua hivi:

1. Hutambaa juu ya gome la mti. Hakina maua wala mizizi ya kweli.

2. Rangi yake ni ya kahawia, au nyekundu iliyokolea.

3. Majani yake ni madogo sana. Yamepangwa safu mbili, kushoto na kulia. Chini yake ipo safu ya tatu, ya majani madogo zaidi. Majani hayo hayana mshipa katikati.

4. Chini ya kila jani la pembeni kuna kifuko mfano wa kofia. Kifuko hicho hushika maji. Kukiona unahitaji kioo cha kukuzia.

Wakati wa jua kimea hiki hukauka na kujikunja. Kinyunyizie maji. Majani yatakunjuka.

Usikichanganye na kirukia. Kirukia huingia ndani ya tawi na kunyonya maji ya mti. Ukikiona, kata tawi hilo. Frullania hainyonyi mti. Hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Kwa mti ni mpangaji tu.

Mwembe wa mzee ulikuwa na majeraha mawili. Yote yalitokana na panga. Jeraha la gome ni mlango wa wadudu na magonjwa.

Tena vimea vya namna hii vina faida. Mtaalamu wa Hungaria, Tamás Pócs, alichunguza misitu ya milima ya Uluguru. Mwaka 1980 aliandika kuwa mimea midogo iliyo juu ya miti, karibu na vilele, huweza kushika lita 50,000 za mvua katika hekta moja. Maji hayo hudondoka polepole. Mto Ruvu huanzia milima hiyo, nao huleta maji Dar es Salaam.

Mzee aliweka panga chini. Nawe ukiona mabaka kwenye mti wako, tazama kwanza. Ukiwa na shaka, mwite Bwana Shamba kabla hujakata.