Nyumba Inayojua Kuhama
Ziwa Nyasa halina ukingo wa kudumu. Maji hupanda na kushuka, na anayejenga mchangani Mbamba Bay, Liuli au Lituhi amekopa kiwanja cha ziwa. Nyumba ya zamani ya miti, mianzi na nyasi iliruhusu deni hilo: maji yakisogea, uling'oa nguzo ukapanda juu. Siwahimizi watu warudi kwenye nyasi. Moto na mchwa tunavijua. Lakini tofali la kuchoma, linalopendwa kuanzia Mbinga mjini hadi Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Wilaya ya Mbinga mwaka 2012, halihamishiki, na tanuru lake hula miti inayoshikilia miteremko. Tofali la kufungamana, udongo na saruji kidogo vikishindiliwa kwa mashine ya mkono, halihitaji kuni. Kwenye miteremko hiyo, Wamatengo, wakulima wa milima ya Mbinga, huzuia maji ya mvua kwa mashimo ya ngoro. Nashangaa ustadi huo unaishia shambani, huku uani maji yakichimba msingi. Halafu shule, kimbilio la kawaida mafuriko yakija: halmashauri zijenge mwinukoni madarasa yenye baraza pana, jiko, matangi ya kuvuna mvua, na vyoo vinavyotosha hata wasiovaa sare.