Kufuli la Baiskeli: Hifadhi ya Mali na ya Heshima ya Jirani



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, na hasa mama zangu na dada zangu ambao ndio nguzo za nyumba, juma hili naomba ruhusa tuzungumze juu ya kitu kidogo ambacho pengine hamkutarajia kukikuta katika safu hii: kufuli la baiskeli. Msicheke. Kisa nitakachowasimulia kitawaonyesha kwamba kufuli dhaifu laweza kupoteza zaidi ya baiskeli.

Mtaani petu yuko mama mmoja mjane ambaye riziki yake ni mahamri. Huamka saa tisa za usiku akasukuma na kukaanga, na alfajiri mwanawe wa miaka 17 hupakia kikapu kwenye keria ya baiskeli aliyoiacha marehemu babake, akayapeleka mahamri yale kwenye mikahawa kabla ya kwenda shule. Kijana huyo, mashallah, haiachi swala ya jamaa. Siku moja alipita msikitini kuswali Alfajiri. Akaifunga baiskeli ukutani kwa kufuli la waya mwembamba uliovishwa plastiki, akaingia. Alipotoka aliukuta waya umelala chini vipande viwili. Kikapu kilikuwa kimewekwa kando kwa adabu, na mahamri yote yamo ndani, bado yana moto.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Kwenye baraza ya ng'ambo alikuwa amelala kijana mmoja ambaye zamani aliwahi kuingia katika unga, na mtaa mzima wamjua. Kabla jua halijachomoza, watu watatu walikuwa wameshamshika shingo, na mmoja wao ana kipande cha mbao mkononi. Nilifika nikasimama katikati, na alhamdulillahi hakupigwa. Watu walinisifu kwa hilo. Lakini Mola wangu ayajua yaliyokuwa moyoni mwangu. Nami nilikuwa nikijiambia: kama si yeye, ni nani?

Mwezi mmoja baadaye baiskeli ilionekana mtaa wa mbali, ikiendeshwa na mtu aliyeinunua. Ilitambulikana kwa nambari iliyogongwa kwenye fremu, ambayo marehemu alikuwa ameiandika nyuma ya risiti, na mjane akaitunza risiti ile kabatini pamoja na vyeti vya nyumba. Aliyeiuza alikuwa mtu mwingine kabisa, mgeni aliyekuwa akizungukia misikiti nyakati za swala. Yule kijana wa barazani hakuwa na habari wala hatia.

Nilimwendea, nikakaa naye pale pale barazani, nikamwomba radhi. Akaniambia, "Shekhe, wewe hukunishika wala hukunitukana. Lakini tangu siku ile, kila nikikupa salamu unaitikia bila kunitazama." Sikuwa na la kujibu. Mwenyezi Mungu katika Suratul Hujurat ametuonya tujiepushe sana na dhana, kwani baadhi ya dhana ni dhambi. Aya hiyo nimeisomesha madrasani miaka mingi, na siku ile nilisomeshwa mimi.

Kufunga ni sehemu ya kutegemea

Wako wanaosema kwamba mwenye imani hahitaji makufuli, na kwamba kilichoandikwa kitakuwa. Maneno hayo yana nusu ya haki. Imam Tirmidhi amepokea kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.) kisa cha mtu aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) iwapo amfunge ngamia wake au amwache huru na kumtegemea Mwenyezi Mungu. Mtume alimwelekeza amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee. Ngamia wa mwana wa mjane ni ile baiskeli.

Wanavyuoni wa fiqhi nao wana neno lao katika mlango wa wizi, nalo ni *hirzi*, yaani mahali au namna ambayo mali ya aina fulani huhifadhiwa kwa kawaida. Katika madhehebu yetu ya Shafii, hirzi haina kipimo kimoja kwa mali zote, bali hurejeshwa kwenye ada ya watu. Zizi ni hirzi ya wanyama, wala si hirzi ya dhahabu. Wala msidhani nyumba ya ibada yatosha kuwa hirzi kwa utukufu wake. Sahaba Safwan bin Umayya (R.A.) alilala msikitini akiwa ameweka shuka yake chini ya kichwa, na mwizi akaja akaichomoa. Ikiwa mwizi alithubutu zama zile, hatuna sababu ya kushangaa zama zetu.

Kwa hivyo kufuli madhubuti huhifadhi watu watatu. Humhifadhi mwenye mali na hasara. Humhifadhi mwenye nafsi dhaifu, akapita bila kushawishika. Na humhifadhi jirani asiye na hatia, asije akatupiwa macho kwa kosa asilolitenda.

Kufuli lipi linunuliwe?

Baada ya msiba ule nilikaa na fundi wa baiskeli na fundi wa makufuli nikawauliza maswali, kwa kuwa Qur'ani imetuamrisha tuwaulize wenye kujua. Haya ndiyo niliyoyapata.

La kwanza ni hilo la waya. Ndani ya plastiki yake mna nyuzi nyembamba za chuma zilizosokotwa. Kwa macho huonekana nene, lakini kikatio cha mkononi huzimaliza mara moja. Lifaalo ni kulitumia kama msaidizi, kufungia gurudumu la mbele au kiti, lakini lisiachiwe baiskeli nzima.

La pili ni lile la duara ambalo hukaa juu ya gurudumu la nyuma, na kipande chake cha chuma hupita kati ya spoki. Hilo huzuia baiskeli kuendeshwa, lakini halizuii kubebwa. Mwizi ataipakia mkokotenini aende zake. Lafaa unaposimama dukani na baiskeli i mbele ya macho yako.

La tatu ni mnyororo. Ukiwa wa chuma kilichofanywa kigumu kwa moto, na pete zake zina unene wa milimita 10 au zaidi, ni hifadhi njema. Lakini wengi hununua mnyororo mzito kisha wakautilia kufuli dogo la sanduku. Huo ni mlango wa msaji uliofungwa kwa uzi, kwani mwizi hatahangaika na mnyororo, atavunja kufuli. Vyote viwili na vilingane nguvu.

La nne, nalo ndilo mafundi wengi hulipendelea, ni kufuli la chuma kigumu lenye umbo la herufi U na pingu inayofunga mdomo wake. Tafuteni lenye unene wa milimita 13 au zaidi. Wala msidhani kubwa ndilo bora. Likiwa pana sana hubaki nafasi ambayo mwizi hupenyeza mtaimbo akalipasua. Litoshe fremu, gurudumu na nguzo, basi.

Mtajuaje kama chuma ni kigumu? Mwombeni muuzaji ruhusa mkwaruze kwa tupa mahali pasipoonekana. Chuma laini huliwa na tupa, na kigumu huiteleza. Na akiwaambia kwamba mwili wa kufuli ni shaba tupu, chukueni sumaku ndogo. Ikiganda, basi hicho ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na muuzaji huyo akumbushwe kwamba Mtume (S.A.W.) amejitenga na mwenye kughushi katika biashara.

Tazameni pia ufunguo. Mwaka 2004 nchini Marekani ilibainika hadharani kwamba makufuli ya baiskeli ya bei kubwa, yenye ufunguo wa duara mfano wa bomba dogo, yaliweza kufunguliwa kwa kalamu ya plastiki ya kawaida. Kampuni iliyoyatengeneza ikawabadilishia wateja wake. Kwa hivyo bei peke yake si ushahidi. Chagueni lenye ufunguo bapa wenye meno au vishimo vingi, na lije na funguo mbili. Mmoja akae na mwenye baiskeli, wa pili mama auhifadhi kabatini.

Na tuseme kweli: halipo kufuli lisilovunjika. Mwenye grenda ya betri atakata chochote akipewa muda. Kazi ya kufuli ni kumchelewesha mwizi na kumlazimisha apige kelele, na mwizi hapendi lolote kati ya hayo mawili. Ama bei, mafundi husema mtu atenge angalau sehemu moja kwa kumi ya thamani ya baiskeli. Mwana wa mjane alikuwa na baiskeli iliyolisha watu watano, na kufuli lisilofikia bei ya kikapu kimoja cha mahamri.

Namna ya kufunga

Kufuli zuri likifungwa vibaya ni sawa na kutofunga. Lipitisheni kwenye fremu na gurudumu la nyuma kwa pamoja, kisha kwenye kitu kisichong'oka. Mkifunga gurudumu la mbele peke yake, mwizi atawaachia gurudumu na kuondoka na baiskeli, hasa hizi za mitumba ambazo magurudumu yake hufunguliwa kwa mkono bila spana. Bomba la plastiki si nguzo, wala mti mchanga, wala mti wa chuma mfupi ambao baiskeli yaweza kuinuliwa juu yake ikatoka. Kufuli lisigusane na ardhi, kwa kuwa sakafu humsaidia mwenye nyundo. Tundu la ufunguo litazame chini, mvua na mchanga visiingie.

Lakini pamoja na hayo, chungeni haki ya njia. Vichochoro vyetu ni vyembamba. Baiskeli iliyofungwa ikaziba mlango wa mtu, au ikamzuia mzee mwenye mkongojo, ni udhia, na kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani. Hatuhifadhi mali yetu kwa kuwadhuru wengine.

Sisi watu wa pwani tuna adui mwingine, nao ni upepo wa chumvi. Kufuli lisilotunzwa huota kutu, na siku moja ufunguo hukatikia ndani. Kila mwezi lifuteni, kisha mlitie tone mbili za mafuta ya cherehani. Msitie mafuta ya kupikia, kwani hayo hugandamana na vumbi yakalikaba.

Daftari na dukani

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Pinduenii baiskeli leo hii, muitazame nambari iliyogongwa kwenye fremu, mara nyingi chini ya pedeli au chini ya kiti. Iandikeni, muipige picha, na risiti muitunze. Ikiibwa, nendeni kituo cha polisi mkaandikishe na mchukue nambari ya OB. Kutia watu mkononi si katika dini. Kuhukumu ni kazi ya kadhi na hakimu, si ya wenye mbao barazani.

Na mkiletewa baiskeli ya bei ya kushangaza, isiyo na risiti, na muuzaji ana haraka, iacheni. Mwenye kununua mali ya wizi naye ajua ni ya wizi ameshiriki dhambi yake, na sheria ya Kenya, kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, yaweza kumfunga hadi miaka 14. Pasipo wanunuzi, mwizi yule asingekuwa na sababu ya kuzungukia misikiti.

Nimalizie kwa habari njema. Baiskeli ilirudi kwa wenyewe, na jamaa wa msikiti walichanga wakanunua kufuli la U. Kamati ikachimbia vyuma vitatu imara ubavuni mwa ukuta, ndani ya saruji, mahali pasipozuia njia. Na asubuhi, swala ya Alfajiri inaposwaliwa, yuko mtu aliyejitolea kuswali katika safu ya nyuma karibu na mlango, ili awe wa kwanza kutoka na kuziangalia baiskeli. Ni yule kijana wa barazani. Naye nikimpa salamu sasa, namtazama.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie mali zetu, watoto wetu na ndimi zetu, na azisafishe nyoyo zetu na dhana mbaya. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.