Maneno ya Yadini

Ingia yadi yoyote ya mashine za mtumba, iwe Dar es Salaam au Mombasa, utaoneshwa foklifti iliyopakwa rangi mpya, na maneno ya muuzaji utayakariri kabla hujafika yadi ya tatu. Mengi yana ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayomponza mwenye ghala anayenunua mashine yake ya kwanza.

"Hii ni ya tani mbili na nusu, itakunyanyulia tani mbili na nusu." Itanyanyua, kwa masharti. Soma kibati chake cha maelezo: kwa foklifti za ukubwa huo, uwezo hupimwa kitovu cha uzito wa mzigo kikiwa milimita 500 mbele ya mgongo wa meno. Ukibeba kasha refu ambalo kitovu chake kiko milimita 700, foklifti hiyohiyo inabaki na uwezo wa tani mbili hivi, na ukilazimisha, magurudumu ya nyuma yataanza kuachana na sakafu. Mlingoti ukipanda juu sana, au ukifungwa kifaa cha kubana marobota, uwezo unashuka tena. Kwa hiyo muuzaji anayeijua kazi atakuuliza kwanza unabeba nini, kina urefu gani, rafu yako ya juu iko mita ngapi na mlango wa ghala una kimo gani. Asiyeuliza hata moja anakuuzia chuma. Mashine ikipinduka, wa kwanza kutakiwa maelezo ni wewe mwajiri.

"Imetembea saa elfu tatu tu." Mita ya saa hubadilishwa, tena bila jasho. Foklifti inayofanya zamu moja kila siku ya kazi hukaribia saa 2,000 kwa mwaka, basi ya mwaka 2008 yenye saa 3,000 ina habari ya kueleza. Achana na mita, inama utazame meno pale yanapojipinda: unene ukiwa umelika asilimia 10, hayo ni ya kubadilishwa. Mnyororo wa kunyanyulia ukirefuka asilimia 3, nao umekwisha. Tazama na kanyagio la breki. Wengi hukumbuka kupaka rangi bodi, wachache hukumbuka mpira wa kanyagio.

"Chukua dizeli, umeme wetu unaujua mwenyewe." Tunaujua. Lakini betri ya risasi huchajiwa usiku kwa saa 8 hivi, ikafanya kazi mchana. Umeme ukikatika mchana kutwa, foklifti haina habari. Usiku ukikatika ndipo pana shida, na hapo ndipo pa kupiga hesabu ya jenereta au betri ya pili. Kinachoua betri nyingi ni uzembe wa kutoongeza maji ya betri. Upande wa pili, moshi wa dizeli, ambao mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuingiza katika orodha ya visababishi vya saratani, hauna pa kwenda ndani ya ghala la unga au dawa lenye mlango mmoja. Hata hivyo, kama kazi yako ni kupakua makontena kwenye uwanja wa mawe na matope, muuzaji yuko sahihi. Chukua dizeli.

"Ni Toyota, spea zimejaa mjini." Za Hilux zimejaa. Roli za mlingoti, sili za jeki ya kunyanyulia na pampu ya haidroliki si vitu vya kila duka. Mwombe akufungulie stoo uvione kwa macho, kisha uliza fundi wake yuko wapi leo na anafanya kazi gani.

"Sisi ndio wenye bei ya chini." Ya chini hadi lini?

"Tunatoa waranti miezi sita." Vizuri, iandikwe. Fundi anafika baada ya saa ngapi tangu upige simu? Waranti inagusa jeki na gia, au injini peke yake? Mashine ikilala siku tatu wakati lori linasubiri kupakiwa, analeta nyingine ya kuazima, na mafuta ya kuisafirisha analipa nani? Akijibu kwamba kati ya waungwana ahadi ya mdomo inatosha, mshukuru kwa soda, uende yadi inayofuata.